Sensa ya Nyaya Tano

Pistoni ya pili ilipotolewa ilikuwa na tundu katikati, tundu la kutosha kupitisha kidole gumba. Mjomba aliishika kiganjani, akaigeuza huku na huku, akaiweka juu ya meza ya kazi. Mama Maziwa, mwenye pikapu, alikuwa amesimama mlangoni, mkoba wake kwapani.

"Fundi, hiyo ni ya pili," alisema.

"Naiona, mama."

"Ya kwanza ulisema petroli chafu. Nikahama kituo. Hii nayo utasema nini? Nimeitazama kwa jicho baya?"

Kimya, binti wa dada yake fundi, alikuwa amelala chini ya pikapu akifungua nati za mwisho. Alibana midomo asicheke, kwa sababu halikuwa jambo la kuchekesha. Mama Maziwa alikusanya maziwa kwa wafugaji kila asubuhi na kuyapandisha mlima mrefu mpaka mjini, mapipa yamejaa pomoni. Pikapu ikilala, maziwa yanachachia mikononi mwake.

Mjomba alifuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole.

"Pistoni nyingine nitatia kwa gharama yangu," alisema. "Na ikitoboka ya tatu, utanikuta hapo nje naziba pancha. Injini sitagusa tena. Nasema mbele ya mpwa wangu."

Chini ya gari, spana ilimponyoka Kimya ikaanguka kifuani. Alimjua mjomba wake. Hakuwa mtu wa kuapa ovyo.

Mtaa mzima ulimwita Fundi Sikio, na hawakumtania. Gari likiletwa lina maradhi ya injini, mjomba aliliingiza ndani, akavuta mlango wa bati mpaka chini ili kelele za barabarani zisiingie, akaliwasha. Hapo hakuna aliyeruhusiwa hata kukohoa. Aliinama juu ya injini, akafumba macho, akaegemeza mpini wa bisibisi kwenye mfupa nyuma ya sikio, na ncha yake akaigusisha injini hapa na pale, taratibu, kama daktari na mgonjwa. Kisha husema: valvu ya tatu imelegea. Au: hii inavuta hewa mahali. Ukifungua unakuta ni kweli. Kimya alikuja kwake akiwa na miaka kumi na mitatu, alipoacha shule, na mpaka leo, miaka tisa baadaye, kila mlango ule ulipofungwa alisisimka mwili.

Lakini alijua jambo ambalo mtaa haukulijua. Tangu mwaka jana mjomba alikuwa na neno jipya. Akishamaliza kusikiliza humgeukia Kimya na kumwuliza, "Haya mama, umesikia nini?" Kimya alifurahi, akadhani anafundishwa. Mpaka siku moja mkanda wa feni ulianza kupiga mluzi mwembamba, mkali, hata paka aliyelala juu ya matairi akaruka na kutokomea. Mjomba hakushtuka. Alibaki ameinama, uso umetulia, akauliza, "Umesikia nini?" Ndipo Kimya alipoelewa. Sauti nzito zilikuwa bado zinamfikia. Zile nyembamba zilikuwa zimekwenda zao.

Na injini yenye kiu hulalamika kwa sauti nyembamba. Kiu ndilo neno la mjomba kwa injini inayopata hewa nyingi na petroli kidogo. Ikipata petroli kupita kiasi husema imelewa. Iliyolewa hutoa moshi mweusi na kumaliza mafuta, basi. Yenye kiu huwaka moto mkali ndani kwa ndani mpaka inatoboa pistoni, na dalili yake ni mlio kama wa shanga zinazomiminwa kwenye bilauri, tena wakati imebeba mzigo mlimani tu. Kimya alishuku kwamba pikapu ile ina kiu. Mjomba aliitia injini kubwa kuliko ya zamani, iliyotoka kwenye gari lililopinduka, akaiachia kabureta ileile ndogo kwa kuwa matundu ya boliti yalilingana. Pale gereji, ikiwa imesimama, ilinguruma vizuri. Mlimani nani aliisikia?

Angemwambiaje mtu kama yule kwamba sikio lake limekufa? Kila alipojaribu, aliishia kuomba spana.

Alipotumwa kununua pistoni alikwenda kwa muuza spea waliyemwita Maneno, mtu ambaye ukiingia dukani kwake kununua skrubu unatoka na habari za mji mzima. Wakati Maneno anatafuta pistoni ghalani, Kimya aliona kwenye kabati la kioo kitu kama saa, kina tarakimu badala ya mishale, na kando yake kipande cha chuma chenye hesi kama za skrubu na mkia wa nyaya.

"Hiki ni nini?" Kimya aliuliza, Maneno aliporudi.

"Ala!" Maneno alishika kichwa. "Leo Kimya kafungua mdomo! Jamani, andikeni tarehe."

Kimya aliona haya, lakini hakuondoa macho kwenye kioo.

"Hiyo ni sensa ya oksijeni," Maneno alisema akikitoa na kukiweka juu ya kaunta. "Unaifunga kwenye bomba la moshi. Si hizi za nyaya nne unazozitoa kwenye magari kila siku. Hizo ni kama mtoto anayejua maneno mawili: petroli imezidi, petroli imepungua. Imezidi kiasi gani? Hajui. Hii ina nyaya tano, wanaiita waidibendi. Hii inakutajia. Kwa kila fungu moja la petroli, injini imevuta mafungu mangapi ya hewa. Kumi na nne na kitu, moto umelingana. Ukiwa na mzigo mlimani unataka kumi na mbili na nusu hivi, injini ipate cha kujipoza. Kumi na tatu na nusu na mlima mbele yako, ita mchungaji aje kuzika."

"Inajuaje?"

"Inaonja moshi."

Kimya alihisi nywele za shingoni zikimsimama. Miaka yote mjomba alikuwa akisimama nje ya chumba kilichofungwa, chumba chenye moto, akitega sikio ukutani. Na kumbe kulikuwa na kitu kinachoweza kuingia humo ndani na kurudi na habari.

"Bei?"

Maneno alitaja. Kimya alikisukuma kile kisaa kwa kidole kimoja, taratibu, kikarudi kilikotoka.

"Usikate tamaa, zipo za wanyonge," Maneno alisema, akaleta boksi jingine. Hili lilikuwa na kisaa chenye taa za rangi tatu, na bei yake iliingia akilini. Kimya aliitoa sensa yake akaizungusha mwangani. Haikuwa na maandishi popote. Alikwaruza hesi kwa ukucha, na mng'aro ukatoka kama ganda la kitunguu.

"Hii ikichoka, sensa inauzwa peke yake?"

"Hapo umeuliza," alisema Maneno, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka. "Haiuzwi. Na inachoka upesi."

"Nyingine?"

Ya tatu ilitoka chini kabisa ya kabati. Kisanduku cheusi kisicho na uso, kimefungwa kwa mpira pamoja na sensa iliyochongwa jina na namba zake kwenye chuma.

"Sensa hii ni halali, ya toleo la zamani, na ikifa unapata nyingine. Lakini haina saa. Kisanduku kinatoa umeme tu, kuanzia sifuri mpaka volti tano. Watu hawaitaki. Watu wanataka mataa."

Kimya alianza kupiga hesabu kichwani. Pale gereji, kwenye msumari juu ya meza, ilining'inia mita ya kupimia umeme, kona yake imepasuka na kuzungushiwa utepe. Ilisoma volti vizuri tu.

"Sifuri ni ngapi?" aliuliza.

"Kumi. Na tano ni ishirini."

Basi kila volti moja ni mbili. Zidisha kwa mbili, ongeza kumi. Hesabu hiyo alitoka nayo shuleni.

"Ila nikwambie ukweli," Maneno aliendelea. "Sensa za toleo jipya zinakuja na kipimo chao ndani ya plagi. Hii ya zamani lazima uifundishe hewa ikoje kabla hujaitumia. Kuna kitufe hapa. Kazi yake ndiyo hiyo."

"Kufundisha si kazi."

"Wewe ufundishe? Kwa ishara?" Maneno alijichekea mwenyewe mpaka akapunguza bei. Kimya akalipa kwa fedha alizokuwa akizitunza kununulia simu.

Mjomba alivipokea vile vitu kwa mikono miwili, akavitazama mbali na karibu.

"Kwa hiyo tumeliletea gari pua," alisema.

"Ndiyo, mjomba."

"Na mimi nina masikio."

Kimya alitazama vidole vya miguu yake. "Pua na masikio si vyote viko kichwani, mjomba?"

Mjomba aliviweka mezani. Kisha akachukua drili. Alitoboa bomba la moshi, akachomelea nati upande wa juu, kwa kuwa michoro ya kikaratasi kilichokuja na sensa ilionyesha isifungwe upande wa chini, tone la maji lisije likaipasua. Maandishi ya kikaratasi yalikuwa ya lugha ya kigeni, madogo kama chawa. Kimya alifuata picha. Picha ya kufundisha ilionyesha sensa imening'inia kwa waya wake, haigusi kitu, na vishale vinaizunguka pande zote.

Ilikuwa asubuhi, pistoni mpya ilikuwa imeshaingia, na mjomba alikuwa amefunga mlango wa bati anasikiliza, injini inanguruma. Kimya aliitundika sensa kwenye ndoano ya ukutani, hatua moja kutoka mkia wa gari, palipokuwa na betri ya akiba. Haikugusa kitu. Akaunga nyaya. Baada ya muda ncha ya sensa ilianza kuwaka ndani ya vitobo vyake, wekundu hafifu. Macho yalimchuruzika machozi kwa moshi, akayafuta kwa mkono wa shati, akabonyeza kitufe. Taa ndogo ikapepesa, ikatulia.

Alipoifunga kwenye bomba na kuunga mita, wote wawili waliinama juu ya ile mita yenye kona mbovu. Volti moja nukta nne. Kumi na mbili nukta nane. Mjomba alinyoosha mkono ndani ya boneti akagusa waya wa kabureta, kidogo tu, na tarakimu zikaruka, zikashuka, zikatulia. Aligusa tena. Zikaruka tena, kabla hata mngurumo haujabadilika.

"Inajua kabla yangu," alisema polepole.

Kimya alizitazama tarakimu. Mle ndani moto ulikuwa unawaka na kuzimika mara mamia kwa dakika, gizani, mahali ambapo hakuna jicho la mtu lililowahi kufika na kubaki jicho. Na sasa ulikuwa unahesabiwa juu ya meza yenye mafuta, pale penye vikombe vyao vya chai.

Mchana Mama Maziwa alikuja. Walijaza mapipa yake maji yawe badala ya maziwa, wakapanda wote watatu mbele: mjomba kwenye usukani, Kimya katikati na mita mapajani na kipande cha katoni alichoandikia hesabu zake, Mama Maziwa dirishani. Kutoka chini ya mlima mpaka juu Mama Maziwa hakufunga mdomo. Alisimulia habari za mkwewe, akasimulia na za ng'ombe wa mkwewe. Kimya alitega sikio asikie shanga, lakini alichosikia ni ng'ombe. Mita ilisema moja nukta tatu, haikutikisika.

"Kumi na mbili nukta sita," alisema walipofika juu. "Ni sawasawa kabisa."

"Alhamdulillahi!" Mama Maziwa alipiga kofi. "Basi pistoni zenyewe zilikuwa mbovu. Alfajiri nabeba maziwa."

Mjomba alikuwa ameshashuka. Injini ilikuwa bado inanguruma. Alikwenda nyuma, akachuchumaa, akakinga kiganja kwenye moshi, akakipeleka puani. Akarudia. Magoti yalimlia aliposimama.

"Ina kiu," alisema.

"Fundi!" Mama Maziwa aliteremka. "Mtoto kasoma namba hapa, mbele ya macho yangu."

"Namba nimeiona. Injini ina kiu."

Kimya naye aliteremka. Alijua, na ni yeye peke yake aliyejua, kwamba sikio lile halikuwa na uwezo tena wa kusikia kiu. Kama mjomba anabisha kwa ajili ya heshima yake tu, atavuruga kitu kilichonyooka. Na kama anasema kweli, alfajiri pistoni ya tatu inatoboka, na kesho kutwa atakuwa ameketi nje na ndoo ya maji na viraka.

Alimsogelea mpaka karibu. "Mjomba," alisema. "Umeisikia?"

Mjomba aliangalia barabara waliyopanda.

"Sijaisikia, mwanangu. Siku nyingi sisikii hizo. Wewe unajua." Akanyoosha kidole kwenye bomba. "Hii nimeinusa. Moshi wa leo asubuhi pale ndani, mlango umefungwa, ulitutoa machozi, siyo? Huo ndio moshi ulioshiba. Huu umetoka kwenye mlima mzima na mzigo, na haunitoi chozi. Mkavu. Unakwaruza tu."

Kimya alisimama kama aliyemwagiwa maji. Asubuhi. Mlango umefungwa. Machozi. Alijiona akiyafuta kwa mkono wa shati, na mkono mwingine uko kwenye kitufe.

"Mjomba, nimeikosea," alisema. "Nimeikosea mimi."

"Nini?"

"Sensa! Nimeifundisha kwenye moshi!" Maneno yalimtoka mbiombio, mengi kuliko aliyowahi kuyasema kwa siku nzima. "Ilitakiwa kujua hewa safi ikoje, ndipo ipime nyingine zote kwa hiyo. Mimi niliitundika nyuma ya gari linalonguruma, ndani, mlango umefungwa. Imeshika ule moshi ikadhani ndiyo hewa ya dunia. Kila inachotuambia kimepotoka!"

Mama Maziwa alimkodolea macho mjomba. "Kumbe huyu anazungumza?"

"Zima gari," Kimya alisema, na hakuna aliyeshangaa kwamba ameamuru.

Walisubiri bomba lipoe. Kimya aliifungua sensa kwa spana na kitambaa, akapanda juu ya mwamba kando ya barabara kadiri waya ulivyofika, upepo ukitoka mbele yake. Alinyoosha mkono mzima, sensa ikaning'inia. Chini yake bonde lilikuwa wazi mpaka mwisho wa macho, hakuna nyumba, hakuna moshi. Ncha ikaanza kuwaka. Aliona ajabu kwamba kitu kidogo kama kidole kingeweza kushika upepo wote ule na kuufanya kipimo chake. Mjomba alibonyeza kitufe yeye mwenyewe.

Walishuka mlima, wakageuza. Safari hii Mama Maziwa alinyamaza kama aliye msibani. Nusu ya mlima, mita ikasema moja nukta saba tano.

"Kumi na tatu na nusu," Kimya alisema, na papo hapo akazisikia, mbali chini ya mngurumo, nyembamba, nzuri hata kwa ubaya wake: shanga ndani ya bilauri. "Mjomba, inagonga. Naisikia."

Mguu wa mjomba uliondoka kwenye mafuta kabla hajamaliza. Alielekeza gari kando ya barabara, akazima. Wakakaa wote watatu wakitazama mita. Kutoka kumi na mbili na nusu mpaka kumi na tatu na nusu palikuwa na namba moja tu, na ndani ya namba hiyo moja lilikaa tundu la kupitisha kidole gumba.

"Nipe kopo la jeti za kabureta, hapo chini ya kiti," mjomba alisema.

Zilikuwa vipande vya shaba visivyozidi punje ya mahindi, kila kimoja na tundu la kupitishia petroli, kila tundu limezidi jingine kwa unywele. Alifungua kabureta palepale barabarani, akatia inayofuata kwa ukubwa. Wakapanda: kumi na tatu. Kimya alizisikia shanga mbili tatu, zikaacha. Wakarudi chini, akatia kubwa zaidi. Wakapanda mpaka juu na mapipa yao, injini ikivuta kwa mguno mzito usio na kilio ndani yake.

"Kumi na mbili nukta sita," Kimya alisema.

Mjomba alikuwa ameshateremka. Alikinga kiganja nyuma ya bomba, akakinusa, macho yakamlowa. Alicheka peke yake, mikono magotini.

"Imeshiba?" Mama Maziwa aliuliza kwa sauti ya chini, kama aliye chumbani kwa mgonjwa aliyelala.

"Imeshiba, mama. Alfajiri beba maziwa yako."

Kisha akazunguka, akafungua mlango wa upande wa Mama Maziwa, akamwomba apande nyuma kwenye mapipa, mara moja tu, amsamehe. Akaketi mahali pake na kumnyooshea Kimya mkono.

"Nipe hiyo mita. Wewe shika usukani."

"Mimi? Mlimani?"

"Tutashuka, tupande tena. Nimeshinda naangalia barabara. Nataka niitazame inavyofanya."

Kimya aligeuza gari. Walipoanza kupanda alimtupia jicho. Mjomba alikuwa ameishika mita kwa viganja vyote viwili, shingo imeinama, ameyafumbua macho yake wazi kabisa. Kimya alipoongeza mafuta zile tarakimu ziliruka, zikatafuta, zikatulia, na midomo ya mjomba ikacheza bila sauti, inazitaja moja baada ya nyingine.